Nimebandika onyo kwenye maziwa, mbona silali?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina kibanda cha maziwa hapa Ipuli, Tabora, na huu ni mwaka wa nne. Kila asubuhi kijana wa baiskeli ananiletea madumu mawili ya lita ishirini kutoka vijiji vya nyuma ya Kipalapala. Ya dumu moja nayachemsha: mengine nauza ya moto na maandazi, yanayobaki nagandisha mtindi. Ya dumu la pili nauza mabichi. Lita ya mabichi ni shilingi 1,500, ya kuchemsha ni 2,000, kwa hiyo wengi wanakimbilia mabichi, na wapo wanaoamini yana nguvu zaidi. Kuna mzee mmoja, mstaafu wa reli, anakuja na kikombe chake, anajaziwa nusu lita, anakunywa amesimama hapo hapo. Ukimgusia habari ya kuchemsha anakwambia maziwa yakipita motoni yamekufa.

Mwezi uliopita yalinikuta. Binti mmoja jirani yangu ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa akinunua lita moja kila asubuhi, namtilia kwenye chupa ya maji ya dukani, anaondoka. Mtoto akashikwa na homa na kuharisha damu, akalazwa siku nne. Alipotoka, mama yake akaja kibandani, akaniuliza mbele ya wateja: "Mama, yale maziwa ulikuwa umechemsha?" Nikamjibu kwa hasira, Mungu anisamehe, kwamba alinunua mabichi na kuchemsha ilikuwa kazi yake. Akaniangalia tu, akaondoka. Hajarudi tena. Mtoto amepona, namwona akicheza uani kwao.

Shemeji yangu anasoma chuo. Akaniambia nisijiumize kichwa, kwamba Marekani na Uingereza maziwa mabichi yanauzwa na onyo limeandikwa kwenye chupa. Mnunuzi akishasoma, litakalomkuta ni lake. Akanichapishia karatasi, nimeibandika ukutani: MAZIWA MABICHI. CHEMSHA KABLA YA KUNYWA. UKINYWA BILA KUCHEMSHA NI JUU YAKO. Mume wangu ameridhika, anasema sasa tuko salama. Mimi usiku sipati usingizi.

Mama mkwe naye anasema nawatisha watu bure. Amekulia Igunga kwa maziwa ya kibuyu, leo ana miaka zaidi ya themanini, na anataka mwanangu wa pili mwenye pumu apewe maziwa mabichi kila jioni kama dawa. Kijana wa baiskeli anaapa ng'ombe wao ni wazima, wamenenepa, hakuna anayekohoa.

Nikiacha kuuza mabichi napoteza nusu ya kipato, na mkaa umepanda. Niambie ukweli, Shangazi. Ile karatasi inanitoa kwenye lawama au hainitoi?

Muuza maziwa, Ipuli

*

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa yaliyokupata, na pole kwa huyo binti. Nimeisoma karatasi yako mara kadhaa. Ina sentensi tatu. Mbili za kwanza zinamlinda mnunuzi. Ya tatu inakulinda wewe. Nadhani ndiyo inayokunyima usingizi, maana unajua ni nani aliyekunywa yale maziwa. Aliyekunywa ana mwaka mmoja na nusu. Hajui kusoma, hakuchagua chupa, hakukubaliana na wewe bei. Ukimwambia "ni juu yako" unamwambia mtu ambaye hayupo pale kibandani.

Mtu mzima mwenye akili zake akiambiwa hatari yote, akaielewa, kisha akanywa, huo ni uamuzi wake na mimi siwezi kumshikia kikombe. Lakini maziwa yana tabia moja: anayenunua mara nyingi siye anayekunywa. Ananunua baba, anakunywa mjamzito. Ananunua dada wa kazi, wanakunywa watoto wa tajiri yake. Kwa hiyo karatasi haikutoi. Inaweza kuwa mwanzo wa kazi yako, ila mwisho wake haiwezi kuwa.

Kuhusu Marekani na Uingereza, shemeji yako amesema kweli nusu. Marekani tangu 1987 ni marufuku maziwa mabichi ya kunywa kuvuka kutoka jimbo moja kwenda jingine kuuzwa. Ndani ya jimbo, kila jimbo lina sheria yake, mengine yanaruhusu na mengine yanakataza. California wanaruhusu dukani, na onyo lao linataja kabisa walio hatarini zaidi: watoto wachanga, wazee, wajawazito, na wenye maradhi yanayopunguza kinga ya mwili. Uingereza kwenyewe, mfugaji anamuuzia mnywaji moja kwa moja, na ng'ombe wake lazima wawe wamepimwa na kuthibitishwa hawana kifua kikuu wala brusela, ugonjwa nitakaokueleza hapo chini. Ukivuka mpaka tu kuingia Scotland, hayauzwi kabisa tangu 1983. Sasa angalia kwako. Nyuma ya ile lebo ya wenzetu kuna ng'ombe aliyepimwa, kuna mkaguzi, na kuna ubaridi kutoka zizini hadi mezani. Hata hivyo watu wao bado wanaugua. Wewe nyuma ya karatasi yako kuna dumu la plastiki, baiskeli na jua la Tabora la mwezi wa kumi. Shemeji amekuletea lebo, vilivyo nyuma yake hakuvibeba.

Nije kwa ng'ombe walionenepa. Zamani, kisiwa cha Malta kilipokuwa chini ya Waingereza, askari wao walikuwa wakishikwa na homa isiyoisha, wengine wakafa. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, akakitambua kijidudu, lakini hakuna aliyejua kinatoka wapi. Wachunga mbuzi wa pale walikuwa wakipita mlango kwa mlango, wanakamua mteja akiona kwa macho yake. Nani angeshuku? Ilichukua mpaka 1905, daktari mzawa wa kisiwa kile, Themistocles Zammit, alipowapima mbuzi na kukuta wanacho kijidudu huku wamenawiri, hawana dalili yoyote. Mwaka uliofuata askari wakaachishwa maziwa ya mbuzi, na homa ikashuka kwa kasi. Kijidudu hicho kikapewa jina la Bruce, ndiyo hiyo brusela. Kwa ng'ombe wafugaji wanaiita ugonjwa wa kutupa mimba.

Kwa hiyo kijana wako hakudanganyi. Anakwambia anachokiona, na ugonjwa huu hauonekani. Hata ng'ombe mwenye kifua kikuu anaweza kukaa muda mrefu bila kukohoa. Na kile kijidudu kinachosababisha kuharisha damu, E. coli O157, kinakaa kwenye utumbo wa ng'ombe mzima kabisa asiyeumwa chochote. Inatosha chembe ya kinyesi kwenye chuchu au mkononi mwa mkamuaji, ndogo kiasi kwamba huioni.

Hii homa ya brusela naijua kwa karibu. Kaka yangu aliyenifuata alichunga ng'ombe wa mjomba wetu upande wa Nzega, na vijana wale walikuwa wakikamua moja kwa moja kwenye kikombe, povu linawagusa pua. Akarudi nyumbani na homa ya jioni. Asubuhi mzima, anatania watu. Ikifika saa kumi na mbili anajifunika blanketi, usiku shuka unalikamua kwa jasho. Akatibiwa malaria, ikaja malaria tena, kisha taifodi. Mgongo ukamkaza hata kuinama kufunga viatu akawa anamwita mdogo wake. Kuna ndugu walianza kusema amerogwa. Ilipita karibu miezi mitano ndipo mganga mmoja wa zahanati akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: "Unakunywa maziwa gani?" Alipimwa, akapewa dawa za aina mbili kwa wiki sita. Alipona, ila mgongo haujawahi kuwa ule wa zamani. Ndiyo maana sina mzaha na jambo hili.

Na ndiyo maana namheshimu mama mkwe wako, lakini simfuati. Amefika themanini, Mungu amzidishie. Tunaowaona ni waliofika. Watoto waliokufa kwa kuharisha, mimba zilizotoka, wanaume waliokaa na maumivu ya kiuno maisha yote, hao hawakuandikwa popote kwamba ni maziwa. Waliandikwa "homa". Mwambie kwa adabu, labda ukianza na salamu yake ya asubuhi, "mwangaluka", na kumpa kikombe cha maziwa ya moto yenye asali. Kuhusu pumu, ni kweli wapo watafiti wa Ulaya waliokuta watoto wa mashambani wanaokunywa maziwa ya shambani wana pumu kidogo kuliko wengine. Lakini watafiti hao hao hawakushauri mtoto yeyote apewe maziwa mabichi, kwa sababu ya maradhi haya ninayokutajia. Mwanao mwenye pumu anahitaji dawa yake ya kuvuta na kliniki.

Maziwa hayafi motoni. Protini ipo, mafuta yapo, chokaa ya mifupa ipo. Kinachopungua ni vitamini kidogo, kama C, ambayo hata hivyo hakuna anayenywa maziwa ili aipate, anakula embe. Viwandani wanatumia nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa dakika 30, na hizo zinatosha kuua vijidudu vya brusela na kifua kikuu. Wewe huna kipimajoto na hukihitaji. Yakipanda, ukayakoroga, yakapanda tena, umeshapita hapo kwa mbali.

Mahali ninapotaka uniangalie vizuri ni baada ya kuchemsha. Nimewaona akina mama wengi, wasafi kabisa, wanachemsha maziwa vizuri kisha wanayarudisha kwenye dumu lile lile yaliyokuja nalo. Chukua dumu lako sasa hivi, limulike ndani kwa tochi ya simu. Mdomo ni mwembamba, mkono haupiti, na kwenye pembe za chini utaona utando wa njano unaoteleza. Ule hauondoki kwa kusukutua na maji na mchanga. Tumia sufuria ya aluminiamu yenye mfuniko, au keni pana inayoingiza mkono wote, uisugue kwa sabuni na kuisuuza kwa maji yanayochemka, kisha uianike juani. Mtindi vilevile: chemsha kwanza, acha yapoe mpaka uvuguvugu, ndipo utie chachu. Wapo wanaodhani uchachu unaua kila kitu. Unapunguza baadhi, brusela na kifua kikuu vinaweza kubaki.

Sasa chupa. Hili naona halijakupitia kichwani, na kwangu ni zito kuliko karatasi. Ulikuwa unamtilia yule binti maziwa mabichi kwenye chupa ya maji ya kunywa. Chupa ile ina mfuniko, imezoeleka mdomoni, mtoto akiiona ananyoosha mkono. Karatasi yako ukutani inasema chemsha, chupa yako mkononi inasema kunywa, na mama mwenye mtoto analia atasikiliza chupa. Kuanzia kesho, maziwa mabichi yasitoke kwako ndani ya chupa. Anayeyataka aje na sufuria yake. Sufuria inakwenda jikoni.

Na usiyauze mabichi kwa kunywewa pale kibandani. Najua unamfikiria mstaafu wako. Mkalishe siku moja, mpe kiti, mweleze yote kama nilivyokueleza, na umuulize kama ana kisukari au anatumia dawa yoyote ya muda mrefu. Akisikia yote na bado akayataka, basi abebe nyumbani kwake, uamuzi ni wake na hapo nakubali kabisa. Lakini kibanda ni chako, na watoto wanapita wakimtazama mzee anayemheshimu kila mtu akishusha nusu lita ya mabichi.

Karatasi usiichane, ibadilishe. Andika: MAZIWA HAYA HAYAJACHEMSHWA. YACHEMSHE MPAKA YAPANDE. USIMPE MTOTO, MJAMZITO, MZEE WALA MGONJWA YAKIWA MABICHI. Ile "ni juu yako" ifute. Halafu iseme kwa mdomo kwa kila mteja mgeni, maana wanaosimama kibandani asubuhi wanatazama chenji, hawatazami ukuta, na wapo ambao herufi hazijawahi kukaa nao.

Kuhusu kipato sitakudanganya kwamba hutaumia. Mwanzoni utaumia. Lakini piga hesabu moja ambayo hukuniandikia: ni lita ngapi za mabichi zinakukatikia kabla ya saa nane mchana na unazimwaga au unazitoa bure? Yaliyochemshwa na kufunikwa yanakufikisha jioni, na yanayobaki ni mtindi wa kesho. Chemsha yote kwa mkupuo mmoja asubuhi, mkaa ukiwa bado mkali, badala ya kuwasha mara mbili. Pengo la shilingi 500 lipunguze. Uza ya kuchemsha kwa bei iliyo karibu zaidi na mabichi uone wateja wanavyohama. Ningependa siku moja uniandikie kwamba dumu la pili nalo linapita motoni lote, na sikufichi kwamba huko ndiko ninakokusukuma.

Bodi ya Maziwa, iliyoundwa kwa Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya mwaka 2004, inataka wafanyabiashara wa maziwa wasajiliwe. Kama hujafanya hivyo, muone afisa mifugo na afisa afya wa kata yako, watakuelekeza. Nenda mwenyewe kabla hawajaja.

Yule binti nenda kwake, na usiende mikono mitupu. Usibishane kama ni maziwa au siyo, kwa sababu hakuna aliyepima, na kuharisha damu kunaweza kutoka kwenye maji au mboga. Lakini mwombe radhi kwa jibu ulilompa mbele za watu. Hilo halihitaji kipimo. Mwambie jambo moja atakalolishika: mtoto mdogo akiharisha damu, na siku chache baadaye akapauka, akavimba uso au akakojoa kidogo sana, asisubiri hata kesho, akimbie hospitali, maana ni figo. Na popote atakapompeleka akiumwa, aseme mwenyewe kama mtoto amekunywa maziwa mabichi. Daktari hawezi kutafuta kitu ambacho hakuna aliyemtajia.

Mwisho kijana wa baiskeli. Muulize kama kuna ng'ombe aliyetupa mimba miezi ya karibuni, hasa mimba kubwa. Muulize kama kuna aliyechomwa sindano ya antibayotiki, na tarehe gani. Maziwa ya ng'ombe huyo yakataliwe mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa, kwa sababu dawa haiondoki kwa kuchemsha. Mwambie amwambie mwenye ng'ombe kwamba ndama jike huchanjwa brusela wakiwa na miezi kati ya 3 na 8, afisa mifugo anajua. Na yeye mwenyewe, ng'ombe akizaa au akitupa, asishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Avae glavu, azike. Anakamua alfajiri, anaendesha baiskeli na lita arobaini, na wa kwanza kuugua kwa kawaida ni yeye. Siku akianza homa za jioni na jasho la usiku, asiishie kununua vidonge vya malaria dukani. Aende akapimwe, na akifika aseme kazi yake ni kukamua.